Kitindamlo: Je, Ukarimu Una Kiasi?

Je, mwenyeji anayemaliza karamu nzito kwa vipande vya papai na nanasi amewaheshimu wageni wake, au amewanyima? Swali hili linaweza kuonekana dogo, la jikoni kuliko la darasani. Tumezoea kwamba maswali ya falsafa ni yale yenye sauti kubwa: haki ni nini, uhuru ni nini, wema unatoka wapi. Lakini binadamu hula kila siku akijaliwa, na kila anapomlisha mwenzake anaamua jambo juu ya haki, heshima na kiasi, hata kama hayatamki maneno hayo.

Katika insha hii ninatetea dai moja. Baada ya chakula kizito kama wali wa nazi uliopikwa kwa kamba na samaki, tunda ni tendo la ukarimu uliokomaa. Linamfikiria mgeni kama mtu mwenye mwili na mwenye safari ya kurudi kwake, na linamfikiria mwenyeji kama mtu atakayeamka kesho na kuendelea na maisha yake. Dai hili lina wapinzani wenye hoja, nao nitawapa nafasi yao.

Nianze na maneno yenyewe. Kiswahili cha siku hizi kina neno kitindamlo, yaani kitu kitamu kinacholiwa mwisho wa mlo. Neno hili linafanana na lile la zamani, kitindamimba, mtoto wa mwisho, yule anayefunga uzazi wa mama yake. Kwa hiyo, tukilifuata neno lenyewe, kazi ya kitindamlo ni kufunga. Kitu kinachokuja mwisho wa mlo na kuufungua upya, kikidai nafasi sawa na wali uliotangulia, hakijatinda chochote. Ni mlo wa pili uliojificha nyuma ya wa kwanza.

Neno la pili ni kiasi. Asili yake ni Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kupima na kulinganisha. Sokoni tunauliza, "Kiasi gani?" Nyumbani tunamsifu fulani kwamba ni mtu wa kiasi. Neno moja limebeba kipimo cha muuzaji na kipimo cha tabia. Mtu wa kiasi anapima kama muuzaji mwaminifu: hapunji, wala hamwagi.

Sasa nieleze mahali ninapotazamia suala hili. Nimekulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, na sasa ninasoma Mbarara. Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Watu hawa wote wana namna zao za kula, na mtoto anayecheza nyumba kwa nyumba hujifunza mapema kwamba sahani ya jirani ina sheria zake.

Jirani zetu Wasomali hawangoji mwisho ili wale tunda. Ndizi mbivu huwekwa kando ya wali, mtu akaimega na kuila pamoja na wali na nyama, tonge kwa tonge. Mara ya kwanza mtoto wa Kikongomani akiliona jambo hili hucheka. Mara ya tatu huomba ndizi. Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania nao wanalijua, kwa maana pilau ya harusini mara nyingi huja na kachumbari na ndizi mbivu. Kwetu Wakongomani ni tofauti. Embe ni la mtoto anayetoka shuleni, nanasi ni la msafiri kituoni, na tunda halihesabiwi kama sehemu ya karamu. Wenyeji wetu Wanyankole wana matoke, kalo ya ulezi na eshabwe, mchuzi wao mweupe wa samli, na kwa desturi ya kale Wahima miongoni mwao hawakula samaki kabisa.

Sitoi mifano hii ili niseme kwamba desturi zote ni sawa na mjadala umekwisha. Ninaitoa kwa sababu inaonyesha kwamba nafasi ya tunda mezani haikuamuliwa na maumbile. Watu wameiamua. Na jambo lililoamuliwa na watu linaweza kuulizwa sababu.

Kisa kilichonifanya nilifikirie suala hili kilitokea nyumbani kwetu. Kaka yangu alikuwa amepata nafasi ya kuhamia Kanada baada ya miaka mingi ya kungoja. Familia iliamua kuwaandalia majirani na ndugu chakula cha kuagana naye. Mpishi alikuwa jirani yetu, mama mzee Mbajuni aliyezaliwa katika visiwa vilivyo karibu na Kismayu, ambaye watoto wote wa mtaa wetu humwita Bibi. Kiswahili chake kina mawimbi ya bahari ambayo chetu cha Kivu hakina, lakini tunaelewana vizuri, hasa jikoni.

Bibi alisema atapika wali wa nazi wa kamba na samaki, kama walivyokuwa wakiula kwao kabla ya vita. Bahari iko mbali mno na Nakivale, lakini ndugu mmoja aliyekuwa Kampala alinunua kilo mbili za kamba waliogandishwa, akawapakia kwenye barafu na kuwaleta kwa basi mpaka Mbarara. Samaki walikuwa sato wa Ziwa Nakivale. Mchele tuliununua Kikagate, mji mdogo ulio kando ya Mto Kagera, unaotazamana na Murongo ya Tanzania. Nazi zilitoka sokoni Mbarara, nazo zilikuwa ghali kwa sababu minazi haioti huku kwetu.

Wali huo haukuwa chakula chepesi. Bibi alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia, akatia thumu, tangawizi, iliki, mdalasini na bizari. Tui jepesi lilipikia mchele, na tui zito likaja mwisho, likaufunika wali kama blanketi. Samaki walikuwa wamekaangwa, kamba wameungwa kwa nyanya na ndimu. Mtu akila sahani moja ya wali wa namna hiyo huhitaji ukuta wa kuegemea.

Ubishi ulizuka siku tatu kabla, juu ya kitakachofuata wali. Shangazi yangu alitaka keki kubwa yenye jina la kaka, na kreti za soda. Gharama yake ilikuwa shilingi laki mbili na nusu, fedha ambazo hatukuwa nazo. Yuko mtu mtaani anayekopesha kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na shangazi alikuwa amekwisha kuzungumza naye. Bibi alisema papai na nanasi zinatosha.

"Bibi, ninakuheshimu," shangazi alisema, "lakini papai linaota nyuma ya choo. Kila mtu analo kwake. Watu watatoka hapa wakisema tumeshindwa kumuaga mtoto wetu."

"Mwanangu," Bibi alimjibu, "mtu akishakula tui na kamba, ukimpa keki unamuadhibu. Mpe kitu kitakachomsafisha ulimi, aondoke akiukumbuka wali."

Mama alikuwa akichambua mchele. Aliuliza swali moja tu: "Na deni atalilipa nani?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Kaka angekuwa kwenye ndege, na mama angebaki na deni. Mkopo haukuchukuliwa. Siku ya karamu tulimenya mapapai na mananasi, tukayakata vipande, tukakamulia ndimu na kutia pasheni juu, na sinia zikapitishwa. Wengi walikula kwa furaha. Mgeni mmoja aliuliza keki iko wapi, nasi tukamwongezea nanasi. Wapo pia waliosema pembeni kwamba familia ilibana matumizi, na maneno hayo yalimfikia shangazi, yakamuuma. Sisemi kwamba kila mtu aliridhika. Ninauliza kama tulitenda sawa.

Hoja yangu ya kwanza inatoka kwenye mwili. Tui la nazi na mafuta ya kukaangia huupaka ulimi, na viungo huuchosha. Baada ya sahani nzima, ulimi hausikii tena kwa wepesi ule wa tonge la kwanza. Uchachu wa nanasi na ndimu hukata mafuta hayo, na maji ya tunda huuosha mdomo. Tena nanasi na papai zina vimeng'enya vinavyovunja protini: vya nanasi huitwa bromelini, na vya papai huitwa papaini. Wapishi waliujua uwezo huo bila maabara, ndiyo maana hupaka papai bichi kwenye nyama ngumu ili ilainike kabla ya kupikwa. Simaanishi kwamba kipande cha papai ni dawa ya kila tumbo. Ninamaanisha kwamba kati ya wali huu na tunda hili kuna uhusiano wa kweli. Kinachokosekana kwa mmoja kinapatikana kwa mwingine. Keki baada ya tui ni mafuta juu ya mafuta.

Hapo mtu atasema kwamba nimeeleza upishi, sijaeleza maadili. Ni kweli, kwa hiyo nichukue hatua ya pili. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kiitwacho Nicomachean Ethics, anaeleza kwamba wema uko katikati ya kuzidi na kupungua. Wengi wetu tunaishia hapo, tukadhani amesema tugawanye kila kitu kwa mbili. Lakini yeye mwenyewe anaonya dhidi ya usomaji huo kwa mfano wa chakula. Ikiwa mina kumi za chakula ni nyingi kwa mtu na mina mbili ni chache, haifuati kwamba mkufunzi wa wanamichezo aagize mina sita kwa kila mmoja. Kiasi hicho huenda kikawa kidogo kwa Milo, yule mwanamieleka mashuhuri, na kikawa kikubwa kwa anayeanza mazoezi. Kiasi cha kweli hupimwa kwa kumtazama mtu aliye mbele yako.

Tukilichukua fundisho hili kwa uzito, mwenyeji mwema hahesabu sahani. Anawatazama walaji. Anajua nani ametembea kutoka mbali tangu asubuhi, na huyo anamwongezea wali bila kuulizwa. Anajua nani ni mzee, na nani ana ugonjwa wa sukari na hata nanasi apewe kidogo. Na baada ya wote kushiba, anajiuliza ni nini kitakachomfaa mtu aliyeshiba. Swali hilo ni tofauti na swali la mwanzo wa karamu, ambapo aliuliza ni nini kitakachomfaa mwenye njaa. Mwenyeji anayejibu maswali hayo mawili kwa jibu lilelile, yaani "ongeza", hajawaangalia wageni wake tangu walipoketi.

Dini zetu nazo haziko mbali na wazo hili. Waislamu wenzangu hunikumbusha kwamba Qurani inaruhusu kula na kunywa lakini inakataza israfu, na kwamba katika Hadithi Mtume anafundisha kuliachia tumbo nafasi: theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Kinachonivutia katika fundisho hilo ni ile pumzi. Mtu anahesabiwa kuwa amekula vizuri ikiwa amebakiza nafasi ambayo haina kitu.

Shangazi yangu ni mfuasi mzuri wa kanisa lake, naye alikuwa na hoja ya Kikristo upande wa pili, ambayo ninaiona ni nzuri kuliko zote alizotoa. Alisema katika harusi ya Kana, kwenye Injili ya Yohana, divai iliyo bora ilikuja mwisho, wakati watu walikuwa wamekwisha kunywa, na mkuu wa karamu akashangaa kwa sababu watu kwa kawaida hutanguliza iliyo bora. Basi kwa nini sisi tuweke mwisho kitu cha bei ndogo?

Ninakubali kanuni yake: kilicho bora kije mwisho. Tunatofautiana juu ya maana ya bora. Shangazi alipima ubora kwa bei na kwa ugumu wa kukipata. Kwa kipimo hicho papai linashindwa kabla halijamenywa. Lakini kitu kinaweza kuwa bora kwa sababu kimefika kwa wakati wake. Maji ni rahisi, na mtu aliyevuka jua la Februari kutoka Rubondo hadi Base Camp hatayabadilisha kwa asali. Tena, katika simulizi hiyo hiyo, harusi ilikuwa imepungukiwa na divai. Kilicholetwa kilijaza upungufu uliokuwapo. Baada ya wali wa Bibi hapakuwa na upungufu wa utamu wala wa mafuta. Kilichokuwa kimepungua ni wepesi.

Hoja ngumu zaidi ni nyingine, na inatoka Nakivale kwenyewe. Methali yetu inasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Nani ana haki ya kuhubiri kiasi mahali ambapo chakula hakitoshi? Mwaka 2020 mgao wa chakula cha wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Mwaka 2021 ulishuka tena hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 watu waligawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, na wale waliohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea wakaondolewa kabisa. Mtu aliyeishi miaka hiyo akisikia mwanafunzi wa Mbarara akisifu kipande cha papai, anaweza kuuliza kwa haki kabisa: hiki unachokiita kiasi, si ndicho kile kile tulichopewa kwa lazima?

Jibu langu ni hapana, na ninaliona jibu hili kuwa kiini cha insha yote. Kiasi na uhaba vinaweza kufanana kwenye sahani, lakini ni vitu viwili. Kiasi ni mpaka anaouweka mtu mwenye uwezo wa kuchagua, kwa kumfikiria anayekula. Uhaba ni mpaka anaowekewa mtu na wengine, mara nyingi bila kuulizwa. Anayeuita uhaba kiasi anamdhulumu mhitaji mara mbili: kwanza tumbo lake, kisha akili yake, kwa kumtaka ashukuru kwa kunyimwa. Kwa hiyo ninaweka sharti. Hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia mwingine "tosheka" kabla hajahakikisha kwamba wali umetosha. Tunda ni kitindamlo pale tu ambapo mlo ulikuwapo. Tunda lililotolewa badala ya mlo halitindi kitu.

Lakini sharti hili linaendelea mbele, na hapa ninamgeukia mwenye hoja. Kwa sababu ya uhaba huo huo, watu wa kwetu wanajua kuliko wengi thamani ya kuchagua. Familia inayopimiwa chakula mwezi hadi mwezi ikipata siku moja ya kuandaa karamu yake yenyewe, siku hiyo inaweka kipimo chake. Wali wa Bibi ulipakuliwa bila kupimwa, na sufuria ilirudi mara mbili. Hapo tulisema: leo hakuna anayepimiwa. Kisha tukachagua mwisho mwepesi, kwa hiari yetu, tukiwa na sababu. Kumwambia maskini kwamba hana haki ya kuchagua kiasi, kwamba ni lazima aonyeshe wingi hata kwa mkopo ili asidhaniwe kuwa na njaa, ni kumfunga kwa kamba nyingine.

Hapa ndipo swali la mama lina uzito. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wazee walivyosema. Methali hii hutumiwa kumkaribisha mgeni, lakini sehemu yake ya pili haizungumziwi sana. Ujio wa mgeni unatakiwa kumponya mwenyeji. Karamu inayomwacha mwenyeji na deni la miezi sita imeigeuza methali: mgeni ameondoka, mwenyeji ameugua. Na mgeni mwenye utu, akijua kwamba keki aliyoila ilitoka kwenye riba ya mjane, itamkwama kooni. Hivyo basi kumtendea mgeni haki ni pamoja na kutomlisha kitu ambacho angekikataa kama angejua bei yake.

Bado ipo hoja ya heshima, nayo siidharau. Wali wa kushiba huonekana kwenye sahani, na watu hutazama. Mkimbizi amepoteza nyumba, shamba, vyeti, makaburi ya wazazi. Mara nyingine karamu ndiyo nafasi pekee ya kuwaonyesha wengine kwamba bado yeye ni mtu wa watu. Shangazi hakuwa akitaka keki kwa ulafi. Alikuwa akilinda jina la ukoo uliotawanyika. Ninamwelewa, na ninaamini kwamba mtetezi yeyote wa kiasi asiyeuelewa moyo wa shangazi hajamaliza kufikiri. Ila ninauliza: heshima ya karamu inakaa wapi? Ikiwa inakaa kwenye bei, basi mwenye fedha atatushinda kila siku, na heshima yetu itakuwa mikononi mwa mkopeshaji. Ikiwa inakaa kwenye kazi na uangalifu, basi ilikuwapo katika mikono ya Bibi aliyekuna nazi tangu alfajiri, na katika mapapai yaliyomenywa vizuri, yakatolewa mbegu, yakakatwa vipande sawa ili mzee asiye na meno na mtoto mdogo wale bila taabu. Papai la nyuma ya choo likitupwa mezani na kisu juu yake ni dharau. Papai lile lile likiandaliwa ni heshima. Tofauti imefanywa na mtu.

Lakini hapa lazima niufunge mlango mmoja, ili bahili asipite. Mwenye fedha nyingi anayewapa wageni vipande viwili vya tikiti na kusema "ninafuata kiasi" anaweza kuwa anaficha ubahili wake nyuma ya neno zuri. Tutamjuaje? Ninapendekeza kipimo hiki: je, angefanya vivyo hivyo kama mgeni angekuwa mkubwa? Ikiwa mkurugenzi anapewa keki na jirani anapewa papai, hapo hakuna kiasi, kuna ubaguzi. Mwenye kiasi humpa mkubwa na mdogo tunda lile lile, kutoka sinia lile lile, kwa sababu sababu yake imo katika chakula na katika mwili wa mlaji, haimo katika cheo. Siku ile mwenyekiti wa mtaa alikuwapo, naye alikula nanasi kama wengine.

Mwisho nitoe neno kwa wanafunzi wenzangu, maana si haki nifundishe kwa mfano wa Nakivale peke yake. Kila mwisho wa mwaka huku Mbarara tunachangishana kwa ajili ya sherehe ya darasa. Kiwango cha mchango hupanda, kwa sababu kila kundi linataka kulipita lile la mwaka uliotangulia. Kila kinapopanda, wapo wenzetu wanaosema ghafla kwamba wana safari, au wanaumwa, na sisi tunajifanya tumewaamini. Tunakula keki ambayo imewafukuza mezani. Tukimaliza, nusu ya keki hutupwa, kwa sababu matumbo yalikwisha kujaa wali.

Pendekezo langu ni dogo. Mwaka huu tupike chakula kimoja kizuri kwa wingi, kisipimwe, kisha tumalizie na matunda tuliyoyamenya wenyewe kwa mikono iliyonawa. Mchango ushuke mpaka pale ambapo hakuna atakayelazimika kuwa na safari. Tutakuwa tumewapa walaji kinachowafaa baada ya wali, na tutakuwa tumeongeza viti. Kama mtu atauliza keki iko wapi, tumwongezee nanasi, kisha tumweleze sababu.